Washa, zima, washa, zima: historia ya herufi tatu zilizo kwenye regulateri ya sola

Mama mmoja alinifuata hadi mlangoni pa studio, redio yake ndogo ameifunga ndani ya kitenge kama mtoto. Alitoka upande wa Masisi, amehama mara tatu, na kila mara anabeba vitu vile vile: sufuria, bashi, pano ndogo ya sola, batri, redio. "Mwanangu," akasema, "redio inanisumbua. Asubuhi inasema vizuri. Ikifika saa tano, jua likiwa kali, inaanza kulia kama nyuki. Jioni inanyamaza yenyewe."

Kwenye FM, ambako sisi tuko, redio yake ilikuwa safi. Nyuki walikuwa kwenye masafa mafupi, anakotafutia habari za mbali. Nikampigia simu fundi mmoja wa Birere ninayemfahamu, tukaenda naye mpaka pale mama anapokaa. Fundi hata hakugusa redio. Alitazama regulateri iliyofungwa kwenye mti kati ya pano na batri, akaipima uzito mkononi, akauliza: "Mama, hii uliinunua bei gani?" Mama akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya bei ya regulateri ya kawaida, na sehemu ya pesa hiyo ilitokana na mbuzi wake wa mwisho. Juu ya ganda kumeandikwa MPPT kwa herufi kubwa. Fundi akafungua skurubu nne, akatuonyesha ndani. "Mama, hii ni PWM," akasema. "Hizi herufi za nje ni za kuuzia tu."

Nilipolitaja jambo hilo hewani, wengi mliuliza: PWM ni kitu gani basi? Ni swali zuri, maana wengi wenu mko na kisanduku hicho nyumbani au ndani ya hema, na maisha ya batri yenu yako ndani yake. Kwa Kiswahili tungesema ni kupima umeme kwa upana wa mpigo. Waliosoma umeme shuleni kwa Kifaransa wanaijua kwa herufi MLI. Nilikaa na fundi yule jioni kadhaa, nikasoma pia, na nimeona kwamba historia yake inapita kwa mtu mmoja aliyefanya kazi peke yake wakati wenzake wanafukuzwa kazi.

Lakini wazo lenyewe ni la zamani kuliko taa za umeme za majumbani. Mwaka wa 1849, mji wa Providence huko Marekani, George Corliss alipewa haki ya uvumbuzi kwa mashine yake ya mvuke. Mashine za wakati ule zilipunguzwa nguvu kwa kubana bomba la mvuke. Ukibana bomba, mvuke unapita kwa shida, na nguvu inapotea pale unapobanwa. Corliss alifanya kinyume. Valvu inafunguka yote, mvuke unaingia kwa nguvu zote, kisha valvu inafungwa mapema au kwa kuchelewa kufuatana na mzigo. Ni kama mtu anayegawa maji kwenye bomba la mtaa: hafungui nusu ili maji yachuruzike, anafungua lote, anahesabu, anafunga. Nani amepata mengi na nani kidogo, linaamuliwa na muda tu.

Kwa umeme mambo ni yale yale. Ukitaka taa ya volti 12 iwake kidogo, njia ya kwanza ni kuweka rezistansi njiani. Taa itapungua, ndiyo, lakini rezistansi nayo inapata moto, na moto huo unatoka kwenye batri yako. Inachukua kodi yake bila kukupa mwanga. Njia ya pili ni ya Corliss: kuwasha taa yote kabisa, kuizima kabisa, kuwasha, kuzima, haraka kiasi kwamba jicho haliwezi kufuata. Ikiwa imewaka nusu ya muda, batri inatoa nusu. Swichi iliyofungwa kabisa haipitishi kitu, na swichi iliyofunguliwa kabisa karibu haizuii kitu, kwa hiyo pale kwenye swichi hakuna kinachopotea, isipokuwa kidogo sana.

Tatizo lilikuwa ni nani ataigusa swichi hiyo mara elfu moja kwa sekunde bila kuchoka na bila kukosea hesabu. Watu walijaribu. Mwaka wa 1964, Clive Sinclair wa Uingereza aliuza kikuza sauti kilichoitwa X-10, kilichokuwa kinafanya kazi kwa mipigo ya namna hiyo. Wazo lilikuwa sahihi, bali transista za wakati ule zilikuwa za polepole, na nguvu iliyotangazwa haikufikiwa. Kila aliyetaka mipigo safi ilimbidi aunganishe transista kadhaa, rezistansi nyingi, kisha apime na kurekebisha, na batri ikishuka nguvu, mwendo wote unabadilika, aanze tena.

Hapa ndipo anaingia Hans Camenzind.

Alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka wa 1934, akahamia Marekani mwaka wa 1960. Alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya P.R. Mallory, jimbo la Massachusetts. Mallory ndiyo iliyozaa batri za Duracell mnazoziona madukani. Ilitengeneza pia kondansateri za tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Msomaji wa Rubaya anajua jina hilo kuliko injinia yeyote wa Massachusetts, na sitaongeza neno hapo.

Kilichomshughulisha Camenzind kilikuwa redio. Ili redio ichague stesheni moja kati ya nyingi, inahitaji koili za waya, na koili haiingii vizuri ndani ya chipu. Alikuwa anatafuta namna ya kuchagua stesheni bila koili. Mwaka wa 1968 akaingia kampuni ya Signetics, mji wa Sunnyvale, California, akatengeneza huko chipu kadhaa za kazi hiyo. Ndani ya chipu hizo mlikuwa na kitu kidogo kinachopiga mapigo yenyewe, kama moyo. Moyo huo alikuwa nao kichwani mambo yalipoharibika.

Mwaka wa 1970 biashara ilishuka Marekani. Signetics ilifukuza karibu nusu ya wafanyakazi wake. Camenzind hakungoja. Aliomba aondoke kwenye ajira, afanye kazi peke yake kwa mkataba, waazime tu vyombo vyao. Alitaka kutengeneza chipu moja ya kupima muda, ya kazi zote. Mainjinia wengine hawakuona faida: kwa nini kutengeneza chipu ya kitu ambacho mteja anaweza kukiunganisha mwenyewe kwa vipande vya kawaida? Mkuu wa mauzo, Art Fury, ndiye aliyekubali. Mkataba ukawa dola 1200 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja. Camenzind akaenda kufanya kazi peke yake.

Hoja ya wale mainjinia ilikuwa na akili, tusiwacheke. Mtu mwenye maabara anaweza kuunganisha. Ila dunia haikujaa watu wenye maabara.

Mchoro wake wa kwanza ulikaguliwa katikati ya mwaka wa 1971, ukapita. Ulikuwa na kasoro moja inayoonekana ndogo: chipu ilihitaji miguu tisa. Maganda ya kawaida ya chipu wakati huo yalikuwa ya miguu minane au kumi na minne. Mguu mmoja tu wa ziada ungelazimisha ganda kubwa, la bei kubwa. Camenzind aliendelea kuufikiria ule mguu hata baada ya kazi kukubaliwa. Mwishowe akaona kwamba sehemu moja ya ndani, ile iliyokuwa inajaza kondansateri kwa mwendo usiobadilika, haina lazima. Rezistansi ya kawaida iliyo nje inaweza kufanya kazi hiyo. Akaitoa. Miguu ikabaki minane. Akachora tena yote, na ile ramani kubwa ya chipu akaikata mwenyewe kwa kisu juu ya karatasi ya plastiki, kama fundi cherehani anavyokata kitambaa. Chipu za kwanza zikawa tayari Oktoba 1971, na mwaka wa 1972 zikaingia sokoni zikiitwa 555. Wengi husema namba hiyo inatokana na rezistansi tatu za kilo-omu 5 zilizo ndani. Camenzind mwenyewe alikana, akasema Art Fury aliichagua tu.

Kidude hicho cheusi chenye miguu minane kimetengenezwa kwa wingi usiohesabika, na makampuni mengine yakaanza kukitengeneza haraka pia. Ukienda kwa mafundi wa Birere na kupekua kopo la vipande vya zamani, vilivyotolewa kwenye mashine zilizokufa, utakikuta.

Sasa nieleze kinavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo uzuri wake ulipo. Fundi alinieleza kwa mfano wa bido, nami sijapata mfano ulio bora.

Chukua bido tupu. Kondansateri ndiyo bido. Rezistansi ni bomba jembamba linaloijaza. Kwenye ubavu wa bido chora alama mbili, moja kwenye theluthi ya kwanza, nyingine kwenye theluthi ya pili. Weka walinzi wawili, kila mmoja na alama yake. Maji yanapanda. Yakifika alama ya juu, mlinzi wa juu anapiga kelele, na tundu la chini linafunguliwa. Maji yanashuka. Yakifika alama ya chini, mlinzi wa chini anapiga kelele, tundu linafungwa, bido inaanza kujaa tena. Kati ya walinzi hao yuko karani mmoja anayekumbuka kelele ya mwisho ilitoka kwa nani. Wakati bido inajaa, karani anawasha taa. Wakati inamwagika, anaizima. Basi. Hiyo ndiyo 555: rezistansi tatu sawa zinazochora alama za theluthi, walinzi wawili, karani, na transista ya kufungua tundu.

Kwa nini theluthi, na si alama za volti fulani? Kwa sababu theluthi inafuata urefu wa bido. Batri ikiwa na volti 13, alama ziko juu. Batri ikishuka mpaka 11, alama zinashuka nayo, na mwendo wa maji unapungua kwa kiasi kile kile. Muda wa kujaa unabaki ule ule. Mtu anayeishi na batri iliyochoka ataelewa thamani yake: mapigo hayapotezi mwendo kwa kuwa batri imelegea. Chipu ile ya kwanza inafanya kazi kuanzia volti 4,5 mpaka 15 hivi, na wingi wa rezistansi na ukubwa wa kondansateri ndivyo vinavyoamua muda. Hesabu yake inaingia kwenye kiganja: zidisha rezistansi kwa kondansateri, kisha kwa 0,7, unapata sekunde.

Kuna kikwazo. Katika muunganiko wa kawaida, bido inajaa kupitia rezistansi mbili lakini inamwagika kupitia moja tu. Kwa hiyo kujaa kunachukua muda mrefu kuliko kumwagika, siku zote. Taa itawaka zaidi ya nusu ya muda, utake usitake. Anayetaka taa iwake robo ili batri ifike asubuhi, amekwama. Mafundi walitatua jambo hili kwa diodi mbili, kila moja ikiwa mlango wa njia moja. Maji yanaingia kwa mlango mmoja, yanatoka kwa mwingine, na kila mlango una bomba lake. Ukiweka rezistansi ya kuzungusha katikati, ukizungusha upande huu unapanua bomba la kuingia na kubana la kutoka, ukizungusha upande ule unafanya kinyume. Jumla ya muda haibadiliki. Kinachobadilika ni sehemu ya kuwaka. Ndiyo upana wa mpigo wenyewe.

Fundi aliunganisha moja mbele yangu, kwenye kipande cha kartoni, na niliandika kila waya. Mguu wa 8 na wa 4 kwenye plasi, mguu wa 1 kwenye minasi. Rezistansi ya kilo-omu 1 kutoka plasi mpaka mguu wa 7. Kutoka mguu wa 7 mpaka mguu wa katikati wa rezistansi ya kuzungusha ya kilo-omu 100. Ncha zake mbili, kila moja na diodi ndogo ya 1N4148, moja inaelekea kwenye kondansateri, nyingine inatoka kwenye kondansateri. Kondansateri ya nanofaradi 10, chini yake kwenye minasi, juu yake kwenye miguu ya 2 na 6 iliyounganishwa pamoja. Mguu wa 5 unapewa kondansateri nyingine ndogo kwenda minasi ili usichezecheze. Piga hesabu: 101000 mara 0,00000001 mara 0,7 ni kama sekunde 0,0007. Mipigo karibu 1400 kwa kila sekunde, na ukizungusha kitufe, taa inaweza kuwaka kutoka kama asilimia 1 ya muda mpaka karibu yote.

Mguu wa 3 ndio unaotoa amri. Chipu yenyewe inaweza kubeba ampea 0,2 hivi, zaidi ya hapo itaungua. Kwa mkanda wa taa za LED wa ampea moja, mguu wa 3 unaamuru transista ya nguvu, kwa mfano IRFZ44, na transista ndiyo inayofungua na kufunga njia ya taa. Pia fundi alinikatalia nisisahau mambo mawili: fyuzi karibu na batri, na kondansateri ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya 1 na 8, kwa sababu 555 ya zamani inavuta umeme kwa ghafla kila inapogeuka.

Sasa hesabu ya usiku. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo wengi wanayo, haifai kumwagwa zaidi ya nusu kama unataka iishi. Tuseme una ampea-saa 3,5 za kutumia. Mkanda wa ampea 1 utauwasha saa tatu na nusu, kisha giza. Ukiupunguza mpaka robo, ni saa kumi na nne. Na jicho ni rafiki wa maskini katika jambo hili: robo ya umeme haionekani kama robo ya mwanga, inaonekana zaidi. Inatosha kumwona mtoto anayeumwa usiku na kutafuta dawa, bila mshumaa karibu na bashi. Walioona hema zikishika moto wanajua kwa nini nataja mshumaa.

Kuna muundo mwingine unaotumia chipu mbili za muda, au ile moja ya miguu kumi na minne inayoitwa 556, ambayo ni 555 mbili ndani ya ganda moja. Ya kwanza ni mpiga ngoma. Inapiga kwa mwendo mmoja, haibadiliki. Ya pili, kila inaposikia ngoma, inafungua mlango kwa muda fulani na kuufunga. Muda gani? Hapo ule mguu wa 5 tulioufunga unafunguliwa. Mguu huo unaishika alama ya juu ya bido. Ukiuwekea volti kidogo, alama inashuka, bido inajaa haraka, mpigo unakuwa mwembamba. Ukiongeza volti, alama inapanda, mpigo unapanuka. Hakuna tena mkono wa mtu unaozungusha kitufe. Volti yoyote inaweza kuamuru: ya joto, ya mwanga, ya sauti, au ya batri yenyewe.

Tumefika kwenye regulateri. Batri ya risasi ya volti 12, ikichajiwa mpaka karibu 14,4, imejaa. Pano inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa hata 21 isipokuwa na mzigo. Ukiunganisha pano na batri moja kwa moja, kama wengi walivyofanya Goma mwanzo wa 2025 umeme ulipokatika mjini na kila mtu akatafuta jua, batri itajaa, kisha itaendelea kusukumwa, maji yake yatachemka na kukauka, na baada ya miezi michache ni jiwe. Regulateri ya PWM inaacha mlango wazi kabisa wakati batri ina njaa. Batri ikikaribia kujaa, inaanza kufungua na kufunga: mipigo mipana kwanza, kisha myembamba, kisha myembamba zaidi, batri inapokea tu inachohitaji. Regulateri za leo nyingi hazina 555 ndani. Zina chipu ndogo inayofuata programu. Lakini kazi ni ile ile, bido na alama.

MPPT ni kitu kingine. Pano inatoa nguvu yake bora ikiwa kwenye volti 17 au 18. PWM inaivuta ishuke mpaka volti za batri, kwa hiyo pano ya wati 50 inayotoa ampea 2,8 itakupa kama wati 36 tu batri ikiwa kwenye 13. MPPT ya kweli inageuza zile volti za ziada kuwa ampea za ziada, na kwa kazi hiyo lazima iwe na koili ya waya ndani, ya uzito. Fundi aliipima regulateri ya mama mkononi kwa sababu hiyo. Nyepesi kama kibiriti cha gesi, hakuna koili, hakuna MPPT. Ndugu zangu, msione aibu kununua PWM. Kwa pano ndogo inatosha. Aibu ni ya anayebandika karatasi ya MPPT juu yake na kumuuzia mtu aliyetoka vitani kwa bei mara mbili. Kabla ya kulipa, ishike. Ikiwezekana mwambie muuzaji afungue skurubu. Akikataa, umepata jibu. Tulimsindikiza mama kwa muuzaji, akarudishiwa nusu ya tofauti baada ya maneno mengi. Mbuzi hakurudi.

Na nyuki ndani ya redio? Mama mwenyewe alikuwa ameshatupa jibu bila kujua. Asubuhi batri ina njaa, mlango uko wazi, hakuna mipigo, redio iko safi. Saa tano batri imejaa, washa-zima inaanza. Mpigo unaopanda na kushuka ghafla hautoi sauti moja, unatoa pia nyingine nyingi za juu zaidi, mpaka kwenye masafa mafupi, na waya mrefu wa kwenda kwenye pano unakuwa antena. Jioni pano inalala, na nyuki nao. Camenzind alianza kwa kutafuta redio bora, na mipigo ya namna ile ile sasa inaziba redio ya mama wa Masisi. Alifariki mwaka wa 2012. Miaka michache kabla alikuwa ameandika kitabu cha kufundisha kuchora chipu, akakitoa bure kwenye intaneti, naye fundi wangu anacho ndani ya telefone.

Dawa ilichukua nusu saa. Zile waya mbili za pano, moja huku moja kule, fundi alizisokota pamoja kama kamba ya mbuzi, akazikata zilipokuwa ndefu bure. Akavua kile kipingili cheusi cha feriti kilicho kwenye waya wa kompyuta iliyokufa, akakipitisha kwenye waya wa pano karibu na regulateri. Redio akaihamishia upande wa pili wa hema, mbali na batri. Nyuki walipungua sana, hawakuisha. Kwa habari za mchana anazozipenda, mama anachomoa waya mmoja wa pano kwa dakika kumi na tano, anasikiliza, anaurudisha.

Kile kidude cha kartoni chenye 555 fundi alimwachia. Kimefungwa kwenye mti ule ule. Nilipopita juma lililopita kitufe kilikuwa kimezungushwa karibu mwisho wa chini, na mkubwa wa watoto wake alikuwa anasoma.